Neno Linalokaa Mbele ya Baba

Tukuyu, Kidato cha Pili, mwezi wa nne.
Ukungu umeshuka hadi kwenye mlingoti wa bendera
na mimi nimeshuka nao, nimelowa mpaka magotini,
ndoo ya maziwa nimeiacha kituo cha kukusanyia,
risiti mfukoni imeanza kuyeyuka.

Mwalimu Ngailo hakuwa mtu wa fimbo.
Alikusimamisha mlangoni ujieleze kwa Kiingereza
mpaka sentensi ikubali kuingia darasani,
ndipo nawe uifuate.

"I came lately," nikasema.
Darasa kimya; kosa hawakuliona.
Akakaza vifungo vya koti lake la sufu, la Makete,
akaandika ubaoni.
Late ni wewe leo, wewe na maziwa yako.
Lately ni siku hizi: siku hizi mvua, siku hizi viazi bei juu.
"Mkia mdogo tu, Ambwene.
Lakini mkia ukikaa kwa ng'ombe asiye wake,
nzi wanacheka."

Nikarudia bila mkia. Nikaingia.

Kisha barua ya shule, Kiingereza kitupu,
kikao cha wazazi, 9.00.
Baba akasoma tarakimu, maana tarakimu hazina kabila.
Saa tisa.
Hakuwa mtu wa kuchelewa, Asukenye:
saa nane na robo alikuwa getini,
viatu kavipaka mafuta ya kupikia,
mkungu wa ndizi begani.
Wazazi wenzake walishakula wali wao wakaondoka.
"Kilikuwa saa tatu, mzee," mlinzi akamwambia.
Baba akatazama saa yake, akaitikisa, akaisikiliza.
"Saa sita nzima. Zimepotelea wapi?"

Mwalimu akatoka ofisini, akapokea ndizi kwa mikono miwili,
akaanza kikao upya, cha mzazi mmoja,
akafungua na maombi, akasoma na mapato na matumizi.
"Ndaga fijo," akamalizia,
Kinyakyusa cha kuungaunga, baba alikicheka mpaka nyumbani.

Mwaka uliofuata nilikosa shule siku tisa.
Siku ya kumi niliwahi. Kengele bado.
Akaniuliza, kwa lugha ya kipindi chake,
baba yuko wapi, fomu ya mtihani inataka sahihi.
"My father is late."
"Basi tutamsubiri," akasema.
Akavuta kiti, akakipangusa vumbi kwa kiganja,
akakiweka karibu na dirisha.

Kile kiti.
Sikuwa na sentensi nyingine.
Nikatazama nje, pale unapokuwa mlima Rungwe
siku zisizo na ukungu.
Subilaga ndiye aliyesema, kutoka nyuma, kwa Kiswahili,
"Mwalimu, walizika Jumanne."

Akakikalia yeye mwenyewe.
Hakusahihisha kitu siku ile.

Alisahihisha wiki mbili baadaye, pembezoni mwa insha yangu,
wino mwekundu, herufi ndogo kama mtu anayenong'ona:
My late father. Neno hili likae mbele ya baba.
Likikaa nyuma, watu watamsubiri.

Sasa nafundisha Uyole, na chaki ni ileile inayokatika.
Chelewa chelewa, wahenga walisema, utamkuta mwana si wako.
Habari za baba hawakuzigusa.
Lakini walituachia kuwahi.
Mtoto aliyetangulia kengele amewahi.
Mtu akikuuliza, umewahi kufika Matema?
hakuulizi kuhusu kengele, ila kitenzi ni kilekile, 
hakijabadili hata shati.
Kwa hiyo naandika ubaoni, na hakuna wa kuipiga mstari:
Niliwahi kuwa na baba.

Tusajigwe, dawati la mbele, kanyoosha mkono.
Anataka Kiingereza chake.
Nimemwambia asubiri.